Dakika Moja ya Mnong'ono

Jina hilo nilimpa mimi, na sitaki mtu mwingine abebe lawama. Siku yake ya kwanza kazini alikuja wodini kwetu akisukuma machela, akasimama mlangoni na kusema kitu. Midomo niliiona ikicheza, lakini sauti haikunifikia. Nikamwambia mbele ya watu, "Dada, hapa si maktaba, sema tukusikie." Akarudia, kwa sauti ileile. Basi nikawageukia wenzangu nikasema, "Haya jamani, leo tumeletewa Mnong'ono." Wakacheka, na jina likaganda. Mpaka leo kuna watu wa jikoni wanaodhani ndilo lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Mimi ndiye msimamizi wa wodi ya upasuaji. Nina miaka ishirini na mitatu humo humo, na sauti yangu inafika getini bila kupigiwa simu. Wakati huo niliamini muuguzi bila sauti ni sawa na kengele bila ulimi. Niliamini mambo mengi wakati huo.

Mnong'ono alipangiwa chumba cha kuzindukia, kile kilicho kati ya chumba cha upasuaji na wodi zetu. Mtu akishapasuliwa analazwa pale mpaka dawa ya usingizi imtoke. Kina vitanda vinne, mashine nne zinazolia pi, pi, pi, na dirisha moja linalotazama tangi la maji. Kazi yake ilikuwa kukaa na mgonjwa hadi afumbue macho, kumpima presha, kumhesabu pumzi, kumpa dawa alizoandikiwa, kisha kumleta kwetu na kutukabidhi.

Kazi ile aliipenda, we acha tu. Alikuwa akisema hakuna mahali pengine duniani ambapo wewe ndiye uso wa kwanza anaouona mtu akirudi kutoka huko alikokuwa. Na watu wakirudi husema vituko. Mzee mmoja alifumbua macho akauliza nani kawafungulia kuku. Binti mmoja alimposa mhudumu anayeleta mitungi ya oksijeni, tena akataja na tarehe. Askari mmoja, jitu la miraba minne, alimwita mama yake mara sita. Mnong'ono aliwashika mkono wote, akainama sikioni, akasema, "Imekwisha. Uko salama, mimi niko hapa." Kwa kazi hiyo ile sauti yake ilikuwa dawa. Wagonjwa wa kwake hawakuzinduka kwa kurupuka na kung'oa dripu kama wa wengine. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu siku niliyokwenda kuazima mablanketi, nikarudi wodini nikaendelea kumcheka. Ndivyo nilivyokuwa.

Tatizo lake lilikuwa mlango wetu.

Nieleze tulivyokuwa tukipokea wagonjwa. Machela ikiingia, watu wanne tunaidaka. Mimi napiga hesabu, moja, mbili, tatu, mgonjwa keshahamia kitandani. Huyu anatundika dripu, yule anafunga kitambaa cha presha, wa tatu ananing'iniza mfuko wa mkojo, na mimi nimeshafungua faili nasoma mwenyewe. Aliyemleta mgonjwa anaongea huku sisi tumempa migongo. Hatukuona ni utovu wa adabu. Tuliona ndiyo uhodari, maana kwetu muuguzi wa kweli ni yule ambaye mikono yake haipoi.

Sasa weka Mnong'ono katikati ya purukushani hiyo. Alianza na mstari wa kwanza wa fomu: jina, umri, namba ya faili, ndugu wa karibu na simu yake, kisha ugonjwa, kisha upasuaji, akishuka mstari kwa mstari kama mtu anayeshuka ngazi bila taa. Jambo lenyewe la maana likawa liko chini kabisa ya ukurasa wa pili. Kabla hajalifikia mimi nilikuwa nimeshasema, "Haya, asante, tumempokea." Naye anameza kilichobaki, anageuza machela, anaondoka.

Ndipo yakaja ya meno ya bibi. Bibi mmoja alipasuliwa mguu, na meno yake ya bandia yalivuliwa kabla hajalazwa usingizi, yakatiwa kwenye kopo lenye kifuniko na kuwekwa rafu ya chini ya machela. Mnong'ono alimleta, akaanza na jina, umri, namba ya faili. Alipofika kwenye mguu mimi nikasema asante. Machela ikarudi na meno yake. Bibi alipoamka vizuri akashika mdomo, akatutazama mmoja mmoja kama wezi. Binti yake akaja juu. Tulipekua mashuka, tukapekua pipa, mfagiaji akatumwa mpaka kwa dobi kukung'uta maforonya. Saa tatu nzima. Yalipatikana jioni kwenye chumba cha picha za eksirei, yamezunguka hospitali yote yakiwa juu ya magurudumu, na bibi akayavaa bila kutusemesha.

Mimi, badala ya kucheka yakaisha, nikaandika barua kwa metroni. Niliandika kwamba muuguzi wa chumba cha kuzindukia hakabidhi ipasavyo, hatoi taarifa kamili, na hana ujasiri wa kazi hiyo. Nilipiga mstari chini ya neno ujasiri. Barua ya pili ilitoka wodi ya mifupa, lakini naijua ilikotoka, maana nilimchochea mwenzangu tukiwa kwenye chai.

Metroni wetu ni mwanamke wa maneno machache. Alimwita Mnong'ono akampa mwezi mmoja. Ukiisha bila mabadiliko, atahamishiwa stoo ya vifaa, akahesabu glavu na pamba. Stoo si jela, lakini hakuna anayezinduka stoo. Wenzake walinisimulia kwamba alitoka ofisini humo, akaenda kukaa na mgonjwa wake wa zamu, na alipomwambia "uko salama", machozi yalikuwa yanamdondokea shingoni.

Haya ya nyumbani kwake niliyapata baadaye kwa mama mkwe wake, ambaye hana siri wala hataki kujifunza. Mumewe Mnong'ono ni fundi bomba. Wana mtoto mmoja wa miaka miwili, na mama mkwe anaishi nao. Mnong'ono alikaa na jambo lake siku mbili, halafu akakumbuka mficha uchi hazai, akawamwagia yote mezani Jumapili mchana.

"Basi fanya mazoezi," mumewe akasema. "Sisi tutakuwa hiyo wodi."

Wakageuza meza ya sebuleni kuwa machela. Mtoto akawekwa awe mgonjwa, akashuka. Akawekwa tena, akashuka na kitambaa cha meza. Mama mkwe akaombwa alale yeye, akasema hajafa bado, na tena yeye anataka kuwa Sista. Aliwahi kulazwa kwetu kwa jipu la mguu, kwa hiyo Sista aliyemkusudia ni mimi. Akasimama, akaweka mkono mmoja kiunoni, akatoa tumbo mbele, akampa mkaza mwana wake mgongo na kusema, "Ndiyo, ndiyo, weka hapo, nasikia, haya asante." Mumewe Mnong'ono alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe alinirudia igizo hilo mwenyewe, mbele ya wauguzi wangu wote, na kila mtu akaangalia dari. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini kweli ndiyo hiyo, hata tumbo alilipatia.

Mnong'ono akaanza kukabidhi: jina, umri, namba ya faili. Alipofika kwa ndugu wa karibu, mama mkwe alikuwa ameshakwenda jikoni kuangalia sufuria.

"Unaona?" akamwambia mumewe. "Ndivyo wanavyonifanya."

"Naona. Lakini hata mimi ningekwenda jikoni," fundi akasema. "Mke wangu, sikiliza. Nikimaliza kazi kwenye nyumba ya mtu, nikamkabidhi mwenye nyumba, nianze kumsimulia habari za bomba tangu kiwandani, atanisikiliza?"

"Hatakusikiliza."

"Mimi namwambia kwanza, mama, koki hii ya jikoni usiifungue mpaka kesho, gundi haijakauka. Hilo akilishika, mengine hata yakimpita, nyumba haifuriki."

"Na asipolishika hilo la kwanza? Na kama amekupa mgongo?"

"Nasimama mbele ya koki. Anayetaka kuifungua apite kwangu."

Mnong'ono akasema kwamba yeye sauti kubwa hana, na ameshajaribu kuipata, haiji. Mumewe akamwambia koki haizibwi kwa sauti.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na amani. Alikabidhi kila kitu kwa kila mtu. Akitoka kwenda kazini anamwambia mama mkwe, "Mama, mtoto ana mafua, asiogeshwe maji baridi. Amekula. Viatu viko juu ya kabati." Akimpa mumewe sufuria anasema, "Chini imeanza kushika, usikoroge. Mengine utayaona." Hata mtoto akajifunza, akawa anamletea bibi yake mdoli na kusema, "Usimpige." Mama mkwe anasema kwa mara ya kwanza tangu waoane alikuwa anajua kitu gani kiko wapi ndani ya nyumba ile.

Na wodini tuliona tofauti, niseme ukweli. Alikuja siku moja akaanza na, "Huyu anatapika, mlazeni ubavu." Siku nyingine, "Huyu hasikii sikio la kushoto, semeni naye upande wa kulia." Maneno mafupi, mambo yamekaa sawa. Sauti ilikuwa ileile. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Sista, Mnong'ono siku hizi anafundishika." Nikamjibu kwamba mvua moja haioteshi shamba. Nilikuwa nimeshaandika barua, na mtu akishaandika barua anapenda iwe kweli.

Zikabaki siku tatu mwezi uishe.

Jumatano hiyo alipasuliwa kinyozi wetu. Nasema wetu kwa sababu duka lake liko nyuma ya hospitali, na hakuna daktari wala mlinzi asiyenyolewa naye. Kwa kuongea, huyo bwana hana mwenzake. Alikuja kupasuliwa ngiri, na asubuhi, amelala juu ya meza na taa zimemmulika, alikuwa anamsimulia daktari wa usingizi kisa cha mteja aliyesinzia kwenye kiti akanyolewa nyusi. Dawa ilimkuta katikati ya sentensi. Alipozinduka mbele ya Mnong'ono akaiendeleza palepale alipoachia, akaongeza maneno kama matano hivi, halafu maumivu yakambana akashindwa. Mnong'ono akampa sindano kali ya maumivu kama alivyoandikiwa na daktari wa usingizi. Kinyozi akatulia. Akatulia kupita kiasi. Pumzi zake zikashuka mpaka nane kwa dakika, wakamwongezea oksijeni, wakamwita daktari, wakakaa naye zaidi ya saa nzima zikapanda hadi kumi na mbili. Daktari akasema sasa aende wodini, ila asichomwe tena dawa hiyo kabla ya saa kumi na moja, na ahesabiwe pumzi kila robo saa.

Huku kwetu mimi sikujua lolote la hayo. Nilichokuwa nacho ni faili lililotangulia, na ndani yake daktari wa upasuaji alikuwa ameandika asubuhi: apewe dawa ya maumivu akifika wodini. Dawa ileile. Mimi nina tabia, au nilikuwa nayo, ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano kabla mgonjwa hajafika, ili nisipoteze muda. Wanafunzi nawakataza kufanya hivyo. Nyani haoni kundule.

Ikafika saa nane na nusu. Wageni wameshajipanga nje, wagonjwa wawili wamekuja wakifuatana, na watatu ni kinyozi, amelala chali, kimya, uso umetulia. Nikawaambia wenzangu, "Leo hata huyu tumempumzisha mdomo." Wakacheka. Nikapiga hesabu, moja, mbili, tatu, tukamhamisha.

Mnong'ono alikuwa ameshasema. Wenzangu wawili waliapa baadaye kwamba alisema tangu machela inavuka mlango: keshachomwa, pumzi zilishuka, asiongezwe. Mimi nilikuwa napiga hesabu kwa hiyo sauti yangu ya getini. Nikachukua trei yenye sindano, nikakunja mkono wa shati la kinyozi.

Mnong'ono akaacha machela, akazunguka kitanda, akaja kusimama kati yangu na ule mkono. Mimi ni mtu mzito, yeye ananifika kidevuni. Nikamwambia, "Dada, nipishe."

"Sikupishi, Sista."

Hakupaza sauti hata kidogo. Lakini kutoka hatua moja nilimsikia vizuri, na nikagundua kwamba kwa miezi minane sikuwahi kusimama karibu yake kiasi hicho.

"Faili linasema achomwe akifika," nikasema.

"Faili liliandikwa asubuhi, hajapasuliwa. Mimi nimetoka naye sasa hivi. Keshachomwa dawa hiyo hiyo saa saba na robo, na ilikaribia kumzimisha." Mkono wake ulikuwa umeshika reli ya kitanda. "Weka trei chini, Sista. Tumhesabu pumzi mimi na wewe, dakika moja nzima. Ukiona nimekosea, mwandikie metroni barua nyingine."

Kumbe alijua. Kwa mwezi mzima alikuwa akinisalimia, "Shikamoo Sista, umeamkaje," na alikuwa anajua.

Nikaweka trei chini. Akaweka kiganja juu ya kifua cha kinyozi, mimi nikashika saa yangu. Hakuna aliyetundika kitu wala kufunga kitu. Sikumbuki wodi ile kuwahi kunyamaza hivyo mchana. Nilihesabu, na katikati ya hesabu niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tangu nilipokuwa mwanafunzi, maana kati ya pumzi moja na nyingine palikuwa na nafasi ya mtu kupita na baiskeli. Nane. Tisa. Kumi. Dakika ikaisha.

"Kumi," nikasema.

"Kumi," akasema. "Na huyu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Kimya chake ndicho kilichonitisha."

Kumi si kifo. Lakini kumi pamoja na kile nilichokuwa nacho kwenye trei ni hesabu nyingine, na jibu lake sikutaka kulijua, sitaki mpaka leo. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo wauguzi wangu wakilifanya nawafokea. Mnong'ono akamalizia kukabidhi palepale, sentensi nne, tano: oksijeni kiasi gani, kidonda kiko vipi, ahesabiwe kila robo saa, aitwe nani zikipungua. Kisha akamwita daktari wa usingizi kwa simu yetu, akageuza machela yake, akaenda kumwangalia anayefuata.

Kinyozi tulimhesabu kama watoto wanavyohesabu siku za likizo. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na nne. Ilipofika saa kumi na nusu alifumbua macho, akalamba midomo, akasema kwa sauti nzito, "Ndipo nikamwambia, bwana mkubwa, nyusi zitaota, shukuru sikufika kwenye masharubu." Hakujua kwamba alikuwa ameondoka. Wodi nzima ililipuka kwa kicheko, waliopasuliwa wakishika mishono yao na kuomba tuache, na mimi nilicheka nikilia, machozi yakinitoka bila aibu, nikamshika kinyozi kichwa kile alichokinyoa mwenyewe nikakibusu. Akaniuliza kama dawa nilizokunywa mimi zimebaki.

Ijumaa mwezi ukaisha. Metroni alituita wasimamizi wa wodi ofisini kwake, na Mnong'ono akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, magoti yamebanana. Metroni akasoma barua yangu kwa sauti, yote, na alipofika kwenye neno ujasiri akatua, akasema, "Limepigiwa mstari." Kisha akaniuliza kama nina la kuongeza.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimejiandalia njia ya kupita pembeni, niseme tu amejirekebisha, tupige makofi tuondoke. Nilisimama na njia hiyo mdomoni, nikamtazama yule binti na magoti yake, ikanishinda.

"Barua hiyo ina uongo," nikasema. "Nimeandika hakutupa taarifa kamili ya bibi wa meno. Taarifa alikuwa nayo. Mimi ndiye sikungoja aimalize." Halafu nikawasimulia ya kinyozi, trei na sindano iliyovutwa mapema na vyote, na kwamba aliyemwokoa kinyozi na mkono wangu ni huyo hapo mlangoni. Mwenzangu wa wodi ya mifupa akainua mkono akasema barua ya pili naye anaiomba irudi.

Metroni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alinipa onyo la maandishi kwa ile sindano, haki yangu, na liko kwenye faili langu hadi leo. Kisha akamgeukia Mnong'ono. "Unabaki chumba cha kuzindukia. Una neno?"

Sote tulitegemea asante. Mnong'ono akasimama.

"Ninalo," akasema, na ilibidi tuinamie mbele kumsikia. "Naomba dakika moja. Nikileta mgonjwa, akishahamia kitandani na anapumua vizuri, mikono yote iende mgongoni. Asiguse mtu kitu. Mimi niseme, nyinyi msikilize, kisha mniulize. Ikiisha dakika, kazi iendelee."

Msimamizi wa wodi ya watoto akaguna kwamba dakika moja mara wagonjwa kumi na wawili, kazi itasimama.

"Meno ya bibi tuliyatafuta saa tatu nzima, mama," Mnong'ono akamjibu kwa heshima zote. Hata metroni alicheka, na huyo hacheki hata mara mbili kwa mwaka. Nikaomba jambo hilo lijaribiwe kwanza wodini kwangu.

Likaanza Jumatatu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyetolewa mawe kwenye nyongo. Tukamhamisha, anapumua vizuri, tukapanga mstari wauguzi wanne, mikono mgongoni kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha. Vidole vilikuwa vinaniwasha. Mwenzangu mmoja alianza kucheka, nikamkanyaga. Mnong'ono akasema alichokuja nacho, la muhimu kwanza, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anapiga kelele, sauti yake ilitosha chumba kizima. Halafu akanitazama mimi.

"Sista, una swali?"

Nikataka kusema sina. Ndilo jibu langu la miaka ishirini na mitatu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimuuliza daktari mmoja swali mbele ya kitanda cha mgonjwa, akacheka, wakacheka na wote waliomfuata, na nikaapa hawatanicheka tena. Tangu hapo nikajifunza sauti hii ya getini. Wanafunzi nawaambia kila siku kuuliza si ujinga, na mwenyewe kila nisichokijua nimekuwa nikikifunika kwa kupiga hesabu, moja, mbili, tatu, haya, asante, tumempokea.

Pembeni mwa tumbo la yule mama palikuwa na kibomba cha kutolea majimaji, na mwishoni mwake kifuko cha aina ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

"Ninalo," nikasema. "Hicho kifuko sikijui. Kinafunguliwaje?"

Hakuna aliyecheka. Mnong'ono akaja upande wangu, akachukua mkono wangu kutoka mgongoni, akaweka kidole changu chini ya kifuniko na chake juu ya changu, tukafungua pamoja.

"Hata mimi sikukijua. Nilimuuliza daktari asubuhi," akaninong'oneza. "Mara mbili."

Basi nami nikauliza mara ya pili.